Machicha Niliyowapa Kuku

Mjukuu wangu alikuwa kwenye majaribio, hoteli moja ya Iringa, wanapolala Wazungu wanaoenda mbugani. Mama mwenye hoteli alisema ataonja sosi yake ya Kigiriki, ya mtindi na matango, saa sita mchana. Ikimshinda, anarudi kuosha sahani.

Mimi nilifika jana yake kwenye chumba alichopanga, kutoka Mbalizi, na kibuyu changu cha mtindi, zawadi. Akakiweka pembeni. "Asante bibi, ila wa sosi ni ule." Mtindi wa dukani huo, kaufunga kwenye kitambaa cheupe, unaning'inia juu ya beseni, to, to, to.

Nikamwambia, "Wagiriki nawajua mimi, walilima tumbaku huku huku. Sikusikia hata mmoja anachanganya matango na maziwa."

"Bibi bwana! Kwani ulikuwa unaingia jikoni kwao?" Anavyoongea, pua juu, kama anasoma taarifa ya habari.

Asubuhi akaenda kuoga. "Bibi, nisaidie kukamua kile kitambaa mpaka kikauke. Halafu niwekee kwenye bakuli."

Kukamua! Nimepika pombe ya komoni tangu sijaolewa. Ukipewa kitambaa unajua: unakamua, pombe unaitunza, machicha wanakula kuku. Nikakamua mpaka mishipa ikasimama. Maji nikayaweka kwenye bakuli, hata tone sikumwaga. Yale mazito nikawapelekea kuku wa mwenye nyumba. Waligombana hao!

Mtoto akarudi, taulo kichwani. Akaangalia bakuli. Akaangalia kitambaa.

"Bibi. Mtindi uko wapi?"

"Si huo hapo."

"Haya maji! Ule mzito je?"

Nikanyoosha kidole nje. Jogoo ana povu mdomoni kama mzee anayenyoa ndevu.

"Mungu wangu! Bibi umeniua! Saa tatu hii!"

Nilicheka, nisidanganye. Ila nikaona machozi ya kweli, nikaacha.

Nikafungua kibuyu. Mtindi wa kwetu wa siku nne, unaukata kwa kisu. Tukaufunga kitambaani, tukauweka kwenye beseni, nikabandika jiwe la kusagia juu yake, na juu ya jiwe nikakaa mwenyewe.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nakamua. Leo pombe inakwenda, machicha tunatunza."

Akacheka huku makamasi yanamtoka. Akakwaruza matango, akayatia chumvi, akayakamua, kitunguu saumu, limau, mafuta ya zeituni kidogo. Saa tano na nusu tukakamata bodaboda, mimi nimekumbatia bakuli.

Mama mwenye hoteli ni Mhehe, mnene, mpole, anaongea kama anachambua maharage. "Kamwene... bibi," akanisalimia Kihehe. Akachovya kipande cha chapati. Akachovya tena.

"Hii... ina ukali... mzuri. Maziwa... mmetoa... wapi?"

Mjukuu ananikanyaga mguu, ninyamaze. Mimi huyo, "Ng'ombe wangu, Mbalizi. Ya dukani nimewapa kuku." Nikamweleza yote, na jogoo nikamwigiza.

Mama alicheka mpaka akashika meza. Kwenye kucheka hana polepole. Akafuta macho. "Kesho... aanze jikoni. Na wewe bibi... kibuyu kingine... Jumatatu."

Sasa kibuyu kinapanda basi kila wiki. Mjukuu akinipigia simu, hata shikamoo hajatoa: "Bibi, kuku wa huku wanakuulizia!"