Kilomita za Shemeji

Mume wa dada yangu ni mtu wa kufunika vitu. Nalisema hili mwanzo kabisa, mtu asije akadhani nilianza kumdharau kwa sababu ya gari. Nilianza zamani. Siku aliyokuja kujitambulisha nyumbani kwetu alikuwa amevaa saa, na kioo cha saa ile bado kilikuwa na karatasi laini ya dukani, imeanza kubanduka pembeni na kushika uchafu. Nilikuwa binti mdogo, nikanyoosha kidole niibandue. Akauvuta mkono haraka. "Acha, shemeji," akasema, "itachakaa." Saa yenyewe ilikuwa imesimama.

Walipooana alifunika makochi kwa nailoni, akafunika rimoti kwa nailoni, akafunika meza kwa kitambaa na kitambaa kwa nailoni. Ukikaa kwake siku ya joto, ukiinuka unaacha ngozi. Watu wa mtaani wakampa jina la Nailoni, naye akalipenda, akidhani wanausifu usafi wake. Kitu pekee ambacho hakukifunika nyumbani mle ni dada yangu. Huyo alimtumia kila siku, jua na mvua.

Wakaenda ng'ambo kutafuta maisha. Shemeji alipata kazi ghalani, kuendesha kile kigari cha kunyanyulia mizigo. Dada alipata kazi ya kusafisha ofisi, na ofisi husafishwa kabla wenyewe hawajafika, kwa hiyo alitoka nyumbani watu wengine wakiwa wanageuka upande wa pili kitandani. Mimi huku nilikuwa nashona kwenye baraza ya nyumba ya watu kwa cherehani ya kukodi. Mpango wetu sisi wawili ulikuwa mmoja tu: Dada akirudi, tukodi kile chumba cha kona karibu na shule, tununue cherehani za umeme, tushone sare. Akiba yake aliiweka mbali na ya mumewe, kidogo kidogo. Kila tulipoongea kwenye simu aliniuliza, "Chumba bado kipo?" Namjibu kipo. Nilimpamba mwenye chumba kwa maneno matamu hadi nikajionea aibu.

Walipoanza kufikiria kurudi, Shemeji akanunua gari. Lilikuwa la mtumba, jeupe, lililotunzwa na mzee mmoja wa kule, na viti vyake vilikuwa vya rangi ya maziwa. Alikuwa amesikia habari, na habari ilikuwa ya kweli: mtu anayerudi kwao moja kwa moja anaruhusiwa kuingiza gari moja bila ushuru, mradi amelimiliki na kulitumia huko alikokuwa kwa mwaka mzima. Sehemu ya kumiliki Shemeji aliisikia vizuri sana. Sehemu ya kutumia ilimpita sikioni bila kupiga hodi.

Gari likawekwa chini ya ghorofa walilokaa. Viti vikavikwa nailoni, juu likatandikwa turubai, hapo likatulia. Jumapili Shemeji alishuka na ndoo, akalivua, akalifuta, akawasha injini, akaisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama mkunga, akaizima, akalifunika tena. Ghalani alikwenda kwa basi. Dada naye alikwenda kwa basi, kituo kilikuwa mbali, na baridi ya kule si ya kusimuliwa.

Asubuhi moja Dada aliamka na homa, mwili unamtetemeka. Kukosa kazi hakuweza, maana msimamizi wake alikuwa akimtafutia sababu. Akamwomba mumewe ampeleke kwa gari, siku hiyo tu. Shemeji akafikiria. Dada anaapa kwamba alifikiria kweli, hata akasogea dirishani akatazama chini kule gari liliko.

"Kilomita zitaongezeka," akasema.

Akampa skafu yake ajifunge. Dada alinisimulia haya kwenye simu huku akicheka. Mimi sikucheka. Nilikata simu nikisingizia mtandao, nikakaa pale barazani kwa hasira, hata kutunga uzi kwenye sindano kukanishinda. Muda si mrefu baada ya hapo Shemeji akaisitisha na bima ya gari. Halitembei, alisema, bima ya nini?

Walirudi nyumbani gari likiwa bado melini. Shemeji hakupoteza wakati. Alijenga banda mbele ya nyumba, nguzo za chuma, mabati mapya, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Ndani ya nyumba sakafu ilikuwa na mashimo ya kuvunja kifundo. Banda liliziba dirisha la chumba chao cha kulala, ikabidi wawashe taa mchana. Majirani waliokuja kumpa pole ya safari aliwatembeza bandani na kuwaonyesha mahali gurudumu la mbele litakapokaa, nao kwa adabu wakapatazama.

Siku ya kwenda bandarini alivaa suti. Nilikwenda nao kwa sababu Dada aliniomba, na pia, niseme ukweli, sikutaka kusimuliwa. Wakala wa kutoa mizigo, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya chini, alimshika Shemeji kiwiko tukiwa bado kwenye korido.

"Mzee, ukiulizwa, jibu kwa kifupi. Maneno mengi niachie mimi."

"Hakuna shida."

Shida ilikuwepo, kwa sababu kumwambia Shemeji asiongee habari za gari lake ni kumwambia jogoo anyamaze kumekucha. Tulimkuta afisa wa forodha kwenye yadi, mama wa makamo, miwani imefungwa kamba, amechoshwa na jua. Alilizunguka gari polepole. Akafungua mlango, akaingiza kichwa, akatazama nailoni kwenye viti, akatazama na pale zinapohesabiwa kilomita. Kisha akatoka.

"Gari zuri," akasema. "Huko ulikuwa ukienda nalo wapi?"

Wakala akakohoa. Shemeji akavimba kifua.

"Sijaenda nalo popote, mama! Hivyo viti havijakaliwa na mtu tangu ninunue. Muulize mke wangu huyu hapa."

Afisa akamgeukia Dada. "Hujawahi kupanda?"

"Mara moja," Dada akasema. "Siku ya kulipeleka kwenye meli. Nilitandikiwa taulo."

"Hata kwenda dukani hamkulitumia?"

"Hata dukani!" Shemeji akadakia. "Mama, hilo ni jipya hilo. Hebu nusa humo ndani."

Wakala alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Afisa hakunusa. Alivua miwani, akamweleza taratibu kama anavyoelezwa mgonjwa. Msamaha wa ushuru ni wa mtu anayerudi na gari alilokuwa akilitumia maishani mwake, la kwendea kazini, la kupelekea watoto shule. Gari lisilotumika ni bidhaa, na aliyeleta bidhaa hulipa kama wafanyabiashara wengine wote.

"Una bima ya kule, angalau?"

"Niliisitisha," Shemeji akajibu, bado na majivuno, maana alikuwa hajaelewa.

Alielewa alipotajiwa kiasi. Ushuru na kodi zake vilikaribia bei aliyonunulia gari, kwa sababu thamani ilipimwa kwa hali yake, na hali yake, kama alivyokwisha kutangaza mwenyewe yadi nzima ikamsikia, ilikuwa mpya. Ongeza gharama za usajili. Ongeza na kodi ya kulilaza pale bandarini, inayopanda kila kukicha. Macho yalimtoka. Kesho yake alirudi peke yake kumwambia yule mama kwamba kwa kweli gari lile alilitumia sana, alikuwa akizunguka nalo mji mzima. Mama alimtazama akamwambia, "Baba, nenda nyumbani ukapumzike."

Pesa zake zilikuwa zimekwisha. Zililiwa na gari, na nauli ya meli, na banda. Zilizobaki ndani ya nyumba ile ni za Dada, pesa za cherehani, na zilitosha jambo moja tu. Mwenye chumba cha kona naye alikuwa amechoka na maneno yangu matamu. Muuza simu mmoja alikuwa ameshakuja kukipima, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Aliniambia anatupa mpaka mwisho wa wiki.

Basi Shemeji akatuita sebuleni. Nilikaa kwenye kochi, nailoni ikalia chini yangu.

"Mke wangu," akaanza kwa ile sauti yake ya kanisani, "tulitoe gari kwanza. Cherehani zipo tu madukani, haziendi popote."

"Gari nalo haliendi popote," nikasema.

"Shemeji, haya ni mambo ya mtu na mkewe."

"Ni mambo ya mtu na gari lake."

Dada akainua mkono, tukanyamaza. Nilimtazama nikaogopa. Dada yangu ni mtu wa kutoa. Ametoa usingizi wake, ametoa mgongo wake, nilijua atatoa na hizi, halafu atanisimulia kwa kucheka. Nilikuwa tayari nimeanza kuliaga dirisha lenye mwanga la kile chumba cha kona.

"Tukilitoa," akamwuliza mumewe, "siku nikiwa na mzigo, utanipeleka?"

"Nitakupeleka! Kwa nini nisikupeleke?"

"Nitakaa mbele?"

"Utakaa mbele."

"Na nailoni utakuwa umeitoa?"

Hapo ndipo mtu mzima huyu, mwenye mvi, aliyevuka bahari, angeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe ni dogo. Hata uongo ungemtosha. Lakini alifikiria. Nilimwona kwa macho yangu akifikiria, akatazama kule bandani ambako hakukuwa na kitu, akapiga hesabu.

"Tutatandika taulo," akasema.

Dada akatikisa kichwa polepole. Hakulia, hakufoka. Aliingia chumbani, akatoka na mkoba wake na ile skafu ya ng'ambo kaifunga kichwani. "Mdogo wangu," akaniambia, "twende kwa mwenye chumba kabla hajatoka." Shemeji akasimama, akasema subiri kwanza, akasema tuongee, akasema mwanamke gani huyu. Mimi nikamfungulia Dada mlango. Furaha niliyokuwa nayo si ya mtu mwema, lakini sitaificha.

Gari likakaa bandarini mpaka muda wake ukaisha, likapigwa mnada. Shemeji alikwenda mara kwa mara kulitazama kupitia uzio, na siku ya mnada alirudi akalala bila kula. Sisi tulishona sare mpaka vidole vikaota sugu. Banda lile tulilipatia kazi, ndimo tunamopigia pasi, lina hewa na sakafu haina vumbi. Shemeji hukaa kwenye kiti pale pembeni akiwasimulia wapita njia kwamba serikali ilimdhulumu. Wakiondoka hutukumbusha tusidondoshe makaa ya pasi kwenye saruji yake.

Juzi mvua ilitukuta nje ya chumba chetu cha kona na marobota mawili ya sare za kupeleka shule ya upande wa pili. Tukasimamisha teksi. Gari lilikuwa jeupe, limejaa tope mpaka kwenye vioo, na viti vyake vya rangi ya maziwa vilikuwa vimegeuka chai. Dada alisimama na mlango wazi, mvua inamnyeshea.

"Gari hili ulilipata wapi?"

"Mnadani, mama, bandarini," dereva akasema. "Lilikuwa limevikwa manailoni kama godoro la dukani. Niliyachana siku hiyohiyo, abiria walikuwa wanateleza. Ingia, unalowa."

Dada akaangalia kiti, akaangalia sketi yake iliyolowa chapachapa. Akakaa mbele, akaegemea kwa mgongo wote. Mimi nikajibana nyuma na marobota. Tukafika karibu na njia panda.

"Pitia mtaa wetu kwanza," Dada akamwambia dereva, akamwonyesha.

"Huko ni kuzunguka, mama. Kilomita zitaongezeka."

"Ziache ziongezeke."

Tukapita mbele ya nyumba polepole, kwa sababu ya mashimo. Shemeji alikuwa pale bandani kwenye kiti chake. Aliinua macho, akalitambua gari kabla halijafika, akainuka, akaja hadi ukingo wa mabati. Alitazama magurudumu. Alitazama tope mlangoni, na mkwaruzo mrefu ubavuni, akashika kichwa kwa mikono miwili. Dada aliteremsha kioo akampungia mkono. Shemeji hakumwona aliyekaa ndani, alikuwa bado anautazama ule mkwaruzo.