Nyaya Katika Chumba cha Mpunga

Ramani ya mtandao wangu niliichora nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, nikiwa nimekaa chini sebuleni kwetu Mlabani, na nilijiona mhandisi kweli kweli. Modemu ikae dirishani mbele, ambako mawimbi ya mnara yanafika vizuri. Kutoka hapo waya uingie kwenye kompyuta kuukuu niliyoigeuza kuwa fayawoli, mlinzi wa kuamua nani apite na nani abaki nje. Kisha ifuate swichi, kisanduku chenye matundu manane kinachougawa mtandao. Waya mmoja uende chumbani kwangu nyuma, mwingine kwa mpangaji wetu wa uani, ambaye akianza kutazama mpira, mtandao wa nyumba nzima unalala.

Sikuwa nacheza. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja wa kampuni moja ya Dar es Salaam, simu zinazopita kwenye intaneti, na niliruhusiwa kuifanyia nyumbani baada ya baba kufariki, ili mama asibaki peke yake. Lakini baba aliijenga nyumba kwa matofali ya kuchoma, kuta nene, na mtandao wa hewani ukifika korido umeshachoka. Wateja walikatika katikati ya sentensi. Mkuu wangu wa kazi akanipa muda mpaka katikati ya mwaka: ama simu zitulie, ama nirudi Dar. Nilimweleza mama vilevile nilivyoambiwa. Alisema "haya," akaendelea kuchambua mchele. Sanduku langu gumu la magurudumu, nililokuja nalo, lilikuwa bado limesimama nyuma ya mlango na nusu ya nguo zangu ndani.

Fayawoli na swichi nilizitafutia mahali kwa makini. Zisikae jikoni kwenye moshi, wala karibu na baraza, maana masika maji hupanda mpaka huko. Nikachagua chumba kidogo cha katikati. Kimeinuliwa ngazi mbili, kikavu, kina ubaridi, na kilikuwa kitupu kabisa. Nikafunga kabati dogo ukutani usawa wa kiuno, nikapitisha nyaya chini kabisa, pembeni mwa sakafu, ili nyumba isiharibike sura. Mama akaja kusimama mlangoni.

"Humu ndimo unamoviweka?"

"Ndiyo, mama. Chumba kizuri hiki, sijui kwa nini hakitumiki."

Alinitazama kidogo, akasema sawa, akaenda zake.

Msomaji wa bonde hili letu la mpunga ameshaanza kucheka. Mimi nilizaliwa humu, nimekula wali wa humu tangu sina meno, lakini Dar ilinifanya nione chumba kitupu mwezi wa Machi na nisijiulize kinangoja nini. Taa za kijani zikawaka, simu zikatulia, nikawa natembea nyumbani kifua mbele.

Siku mavuno yalipofika nilikuwa kwenye simu, mlango nimefunga. Nikasikia vishindo korido. Kenta, lori dogo la mizigo, ilikuwa imeleta mpunga kutoka shambani kwetu Kiberege, na huku kwetu mpunga hulala ndani ya nyumba ukisubiri bei ipande. Nilipotoka, magunia yalikuwa yamefika karibu na dari, na kabati langu liko nyuma yake. Simu zilikuwa bado nzima, kwa hiyo nikanyamaza. Lakini mpunga ukiingia, panya nao wanaingia. Haikupita wiki, simu zikaanza kukatika, kisha zikafa kabisa. Nikapanda juu ya magunia na tochi, nikachungulia upande wa pili. Waya ulikuwa umetafunwa mpaka shaba inang'aa.

Mimi ni mtu wa kuchemka haraka. Nilitoka mle na makapi kwenye nywele, nikamkuta mama uani anapepeta.

"Mama, uliniona nafunga vitu mle. Kwa nini hukuniambia ni chumba cha mpunga?"

"Kwani wewe hukijui?"

"Nilisahau! Ungesema tu!"

Akaweka ungo chini. "Nilijua mavuno yatakukuta umeshaondoka, mwanangu. Nikaona nisikusumbue. Ufurahi na vitu vyako hizo siku zilizobaki."

Hasira yote iliniisha, nikabaki naumia. Miezi yote hiyo nilikuwa natoboa kuta ili nibaki, na yeye alikuwa ananiaga kimyakimya.

"Siondoki, mama."

"Sanduku lako bado lina nguo ndani," akasema. "Kila nikipiga deki nalizunguka."

Nikaenda kutafuta kalenda nyingine ya kuchorea.

Safari hii chumba cha mpunga nikakiachia mpunga. Kabati nikalipandisha korido, juu ya milango, na nyaya nikazipitisha ndani ya mabomba ya chuma yaliyobaki baba alipochimba kisima. Mama alisukuma waya upande mmoja, mimi nikauvuta upande wa pili. "Umeuona?" "Bado, sukuma!" "Nasukuma, wewe hujui kuvuta!" Mpangaji akaja kuuliza kama tunagombana. Nikamweleza mama kwamba sasa fayawoli itatanguliza kazi yangu, mpira baadaye.

"Kwa hiyo mlinzi wako anamzuia huyu?"

"Hamzuii. Anamwambia asubiri."

"Basi awaambie na panya."

Tulicheka mpaka waya ukatuponyoka, tukaanza upya.

Siku ya kupimwa, muda niliopewa ulipoisha, mkuu alisikiliza simu zangu kutoka asubuhi. Mchana jirani akawasha mashine ya kukoboa na taa zikafifia, kama kawaida yake. Betri ya akiba niliyoiongeza kabatini ikalia mara moja, ikashika. Mteja hakujua lolote, aliendelea kulalamika vizuri tu. Nilimpenda mteja yule kuliko ndugu zangu wote. Jioni mkuu akaniandikia: sauti safi, endelea kufanyia kazi huko huko.

Nikapiga kelele korido nzima. Mama akatoka jikoni, akanisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono kwenye khanga. Akaingia chumbani kwangu, na baada ya muda nikasikia magurudumu yakiburuzwa sakafuni.

Nilimkuta kwenye chumba cha mpunga. Sanduku langu lilikuwa wazi, tupu, naye alikuwa anamimina ndani yake mbegu ya msimu ujao, taratibu, isimwagike.

"Panya wananimalizia mbegu kila mwaka," alisema. "Hili hawaliwezi."

Akakandamiza kifuniko kwa goti, akafunga.

"Nguo zako nimeziweka kitandani. Nenda kazipange kwenye kabati la nguo."