Mtetea Namba Kumi na Nne

Kaka yangu Sylvanus Wandera alikuwa akiwaombea kuku. Si kwa ujumla, mmoja mmoja, kwa namba. Mimi Nabwire nilimfuata Kampala kutoka Busia mwaka wa tisini na saba, nikapanga chumba jirani na chake pale Kisugu, na sala hizo ndizo zilizoniamsha kila asubuhi. Ndugu ni mzigo, jamani.

Alilea kuku wa maabara moja ya mifugo iliyokuwa ikijaribu chanjo ya mdondo, ugonjwa ule unaofagia kuku wa kijiji kizima kwa wiki moja. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mabanda mawili: mitetea ishirini wenye pete nyekundu, waliotiwa tone la chanjo jichoni, na ishirini wa pete za buluu, waliotiwa maji matupu. Baada ya wiki tatu Daktari Alum angewapima damu. Chanjo ikifaulu, ingepelekwa vijijini, na Wandera angekuwa mchanjaji kwetu Busia, ambako mdondo ulimaliza kuku wa mama yetu mara tatu. Hilo ndilo alilolitaka duniani, basi.

Wiki ya pili akaja Mama Nakhisa, mama mkwe wake, kutoka Busia, bila taarifa. Kwetu, mama mkwe akifika mara ya kwanza ukampa maharagwe, umemwambia arudi na binti yake. Kisugu nzima kuku walikuwa wamekwisha kwa mdondo huo huo, na Wandera alikuwa maabara. Mkewe Nangila akaingia bandani, akamkamata aliyenona kuliko wote.

Jioni kaka alikuta firigisi kwenye sahani yake. Akaila akimsifu mkewe, kisha akauliza kuku kapatikana wapi. Nangila akamwonyesha pete nyekundu, namba kumi na nne.

"Mke wangu! Umempikia mama utafiti?"

"Sasa ningempa nini? Pete?"

Kesho yake kaka alikimbilia Kisenyi kwa Pitshou, Mkongo muuza kuku. Mwenye rangi kama ya kumi na nne alikuwa mmoja tu, jogoo mchanga.

"Kaka, huyu haina shida," Pitshou akasema. "Hata kuwika hajajua."

Wandera akamvisha pete, akamweka kwenye tenga lake peke yake asije akaambukiza wengine. Nilimwambia huu ni wazimu, akaniambia ninyamaze. Kila siku alichuchumaa mbele ya tenga, akimbembeleza yule jogoo asikue.

Siku ya damu Daktari Alum alifika na sindano na daftari. Alipolifungua lile tenga, kumi na nne akanyoosha shingo akawika. Aliwika vibaya, lakini aliwika.

"Wandera, hii namba kumi na nne si ilikuwa jike?"

"Ilikuwa, Daktari."

"Na sasa?"

Juu ya ua kikachomoza kichwa cha jirani yetu Perpétue. "Yesu! Dawa imegeuza kuku!" Punde ua mzima ulijaa wanawake, mmoja akitaka kujua kama dawa hiyo inafanya kazi kwa waume.

Daktari hakucheka. "Kama dawa inageuza jike kuwa dume, nasimamisha yote leo," akasema, akafungua kalamu.

Kaka akinyamaza, kosa lingebaki kwa chanjo, nayo ingezikwa hapo hapo. Akisema, angefukuzwa yeye. Nilimwonea huruma hadi nikasahau kumkasirikia.

"Dawa haina kosa, Daktari. Kumi na nne aliliwa."

Daktari akatazama daftari, safu ya sababu za kifo. "Kuna mdondo, kuna ajali, kuna mnyama mwindaji. Niandike nini?"

"Mwindaji."

"Wa aina gani?"

"Mkubwa, Daktari. Amevaa kitenge. Amerudi Busia kwa basi."

Alikemewa mpaka jogoo akaona haya. Angeweza kuleta ugonjwa na kuua wale wa maji wote! Funguo za banda nikapewa mimi. Ila kwa kuwa alisema kabla wino haujagusa karatasi, Busia angekwenda.

Majibu yalitoka baada ya siku nne. Daktari aliyasoma kwa namba, akatoka kumi na tatu akaruka hadi kumi na tano. Wote kumi na tisa walikuwa na kinga. Wandera akaangua kilio mbele ya watu.

Nikamwuliza kama ni furaha.

"Namlilia kumi na nne," akasema. "Angefaulu vizuri sana."