Kona Ileile, Saa Nyingine

Biubwa wa Tanga hakuwa mtu wa kununa ovyo, lakini akinuna, ananuna kwelikweli. Mwaka 2017 alimnunia Denise, Mkongo wa Bukavu aliyeuza maandazi pembeni yake kwenye kona moja ya mtaa wa Bellevue, mwendo wa saa moja hivi kutoka Pretoria. Miezi mitatu, hata salamu hakuna.

Kisa kilikuwa wateja. Miaka sita Biubwa aliswali alfajiri, akabandika sufuria, na saa kumi na mbili na nusu chai yake ya tangawizi ilikuwa kwenye kona, ikiwangoja watu waliokwenda kazini mjini kwa miguu. Wakaanza kupungua mmoja mmoja, na baridi ilipoingia akawa anarudi nyumbani na chupa zimejaa. Kila akimkuta Denise, beseni lake tupu, anafunga vitu vyake aondoke. Kaninyang'anya watu, Biubwa akajiambia. Na ilimuuma zaidi kwa sababu ni Denise huyo huyo aliyempikia uji wiki nzima alipougua.

Mwishowe akakata tamaa, akaamua kurudi Tanga. Saa kumi na nusu alfajiri, msala wa kuswalia mkobani, akatoka ili awahi foleni, kwenda Pretoria kuulizia karatasi za safari ubalozini.

Kufika kwenye kona akasimama. Watu tele! Lambert, mlinzi aliyekunywa chai yake miaka yote, alikuwa anatafuna andazi kavu.

"Mama Biubwa! Eish, ulikuwa wapi?"

"Mimi niko palepale. Ninyi ndio mlionikimbia."

"Kazi ndiyo imekimbia, mama. Ofisi zetu zimehamia Midrand, mbali huko. Sasa ni taksi mbili, na saa kumi na moja lazima niwe nimeshapanda."

Biubwa akatazama kando ya Denise. Mahali pake palikuwa wazi, pamefagiwa, na kreti aliyozoea kukalia imewekwa tayari.

"Batu banauliza chai kila siku," Denise akasema, macho chini. "Miye nabaambia, atakuya. Hii fasi ni ya mama."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanigeuzia mgongo, mama. Ningesema na nani?"

Biubwa aliona haya mpaka machozi yakamtoka. Pretoria hakwenda.

Kesho yake saa kumi chai ilikuwa kwenye kona. Ulipoingia wakati wa swala, bado watu walikuwa wanakuja. Biubwa akasita, mkono juu ya chupa. Denise akaichukua, akaifunga, akamsukuma taratibu kuelekea ukutani, alikokuwa ametandaza kitenge chake kipya, safi, chini ya msala wa Biubwa.

Kijana mmoja, taksi yake ikipiga honi, akauliza kwa nini mama wa chai hamhudumii.

"Ngoja," Denise akamwambia. "Anaswali."

Akangoja.