Vitunga Vitatu vya Samaki Wabichi

Siku moja ya kiangazi naikumbuka kuliko siku zote nilizokaa katika shule hii, na nitakusimulia wewe unayeingia darasa la kwanza mwaka huu, mwanangu. Usicheke nikikuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na sita, na ndevu zangu ni tatu, moja bado inafikiria kama itoke. Lakini wazee waliokuwepo siku ile hawapendi kuisema, na aliyeharibu ni mimi, basi ushauri huu ni wangu kutoa.

Umekwisha kusikia kwamba mimi ni mchekeshaji. Padri wa hesabu nilimpa jina ambalo sasa hata yeye analiitikia. Sikiliza basi namna mchekeshaji anavyoweza kumvunja mtu mkono bila kumgusa.

Miaka miwili iliyopita, Bwana Yorgo, Mgriki mwenye karakana ya malori karibu na gare, stesheni ya gari la moshi, alitangaza kwamba anajenga ndege. Si kama zile za chuma za Base, kambi ya ndege za jeshi, zinazotikisa sahani zetu kila asubuhi. Yake ilikuwa ya mbao na kitambaa, na motere yake aliitoa kwenye gari dogo lililogonga mti. Aliyemchongea mbao ni shemeji yangu Banza, mume wa dada yangu Monga. Ukipitisha kidole juu ya ubao aliopiga randa Banza, hukuti pahali pa kukwama. Mikono ile ndiyo iliyolisha nyumba yao.

Maneno ya ndege ile yaliruka kabla yake. Bwana Yorgo alisema itabeba watu wawili na vitunga vitatu vya samaki kutoka Mulongo, kule mtoni, ifike Kamina asubuhi ileile, samaki macho bado maangavu. Itatua kwenye uwanja wa mpira. Itakunywa petroli kama pikipiki. Wewe unajua lori linavyolala njiani upande wa Kabondo-Dianda mvua ikinyesha, na samaki wanavyofika wakijitangaza wenyewe kwa harufu. Watu waliamini kwa sababu walitamani.

Mimi sikuamini, na nilikuwa na sababu. Hapa Kamina, ukisema kitunga cha samaki, kila mtu anaona samaki wakavu wa moshi, wale wanaokuja na gari la moshi. Bwana Yorgo alipouliza kitunga kina uzito gani, Banza alikwenda sokoni, akanyanyua kimoja, akarudi akasema ni kama mtoto wa miaka mitano. Hesabu yote ya ndege ilijengwa juu ya mtoto yule. Lakini mama yangu ni mtu wa Mulongo. Kila likizo nimebeba vitunga kutoka kwenye mitumbwi, mimi na mwenzangu tukisaidiana, samaki wabichi, maji yakinichuruzikia mgongoni. Shingo yangu ilijua kwamba kile si mtoto. Ni baba yake.

Siku moja tukila bukari, ugali wetu, kwao, dada Monga aliweka mkono juu ya sahani yangu ili nimtazame.

“Weye njo unasoma kwa Bapadri,” akasema. “Niambie sawasawa. Ile kintu itaruka na Banza ndani?”

Hapo ningesema neno moja la shingo yangu, na hadithi hii isingekuwepo. Nikajibu, “Itaruka, dada. Kuku pia anaruka, akifukuzwa.”

Banza mwenyewe alicheka mpaka akapaliwa. Dada hakucheka. Aliondoa mkono, akaniacha nile.

Siku ya kuonyesha ikafika, Jumapili baada ya misa. Tulikutana kwenye uwanja wazi nje ya mji; nyasi zilikuwa zimechomwa, ardhi nyeusi, vichuguu vimesimama huku na huku. Watu walikuja wengi, na Wazungu wawili wa Base wenye kofia nyeupe. Lori la Bwana Yorgo lilikuwa limeleta vitunga vitatu kutoka Mulongo, vimefunikwa majani yaliyolowa, samaki wa kuchoma kwa ajili ya wageni.

Bwana Yorgo aliruka kwanza peke yake. Ndege ilikimbia, ikainuka kimo cha nyumba, ikaenda kidogo, ikashuka salama. Wanawake walipiga vigelegele. Banza alikuwa anajifuta uso kwa kitambaa cha kufutia mafuta, akazidi kuuchafua, na niliona kwamba analia.

Ingetosha pale, mwanangu. Mtu amechonga kitu kwa mikono yake na kimepanda hewani. Lakini watu walikuwa wengi mbele yangu, na mimi nikiona watu wengi ulimi unaniwasha.

Nikasema kwa sauti, “Shemeji, bwana amebeba tumbo yake tu. Na samaki tuliyoahidiwa, itakuja na miguu?”

Kicheko kilizunguka uwanja mzima. Mtu fulani akawatafsiria wale wa kofia, nao wakacheka. Bwana Yorgo akamuuliza Banza nimesema nini, na Banza, maskini, hajui kudanganya. Shingo ya Mgriki ikawa nyekundu. Akaamuru vitunga vipakiwe vyote vitatu, na Banza apande, ili ahadi itimie mbele ya macho yetu.

Kila kitunga kilibebwa na wanaume wawili. Cha tatu Banza alitaka kukinyanyua mwenyewe. Alikiinua kidogo, akakirudisha chini, akasimama. Halafu akanitazama mimi. Nimeuona uso ule mara nyingi tangu siku hiyo. Alikuwa amekwisha kujua, na alitafuta mtu mmoja wa kumsaidia kusema hapana.

Nami nikamwambia, “Nini, shemeji? Samaki inakutisha?”

Akapanda.

Ndege ilikimbia, ikapita pahali ilipoinukia mara ya kwanza, ikazidi kukimbia. Mwishoni kabisa iliondoka chini, kimo cha mahindi, ikalala upande. Bawa likakamata kichuguu. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa kama kuni zinazotupwa chini.

Bwana Yorgo alitoka akitembea, pua inavuja damu. Banza hakutoka, kwa sababu mkono wake wa kuume ulikuwa chini ya motere. Hospitalini hawakuukata mkono, lakini vidole vitatu havikurudi nao.

Kesho yake Baba Mkubwa Kabamba aliniita gare. Yeye ni mpima mizigo. Pale hata kuku hapandi behewa bila kupita kwenye mizani yake. Hakupiga kelele. Aliweka kitunga cha samaki wa moshi, akaniambia nisome. Nikasoma: kilo kumi na nane. Akakishusha, akavuta kingine, kimoja cha vile vilivyookotwa uwanjani, nzi juu yake. Nikasoma: hamsini na tano.

“Ulijua?”

“Nilijua, Baba Mkubwa.”

“Monga alikuuliza?”

“Aliniuliza.”

“Ukamupa nini?”

Akanijibia mwenyewe. “Ulimupa kuku.”

Alifunika kile kitunga taratibu, kama mtu anayefunika mgonjwa. Kisha akasema, “Kukosa kuamini hapana kosa. Miye hapa siamini muntu hata mumoja. Njo kazi yangu. Lakini ile namba ninaonyesha mwenye muzigo mbele gari haijatoka. Weye uliweka namba mu mufuko, ukatoa kicheko.”

Tangu hapo, kila siku baada ya darasa ninakwenda kumshikia Banza mbao. Anajifunza randa kwa mkono wa kushoto. Muda mrefu sikusema utani mbele yake, mpaka siku moja akaniambia kwamba kimya changu kinamchosha kuliko mbao. “Chekesha, shemeji,” akasema. “Lakini kwanza niambie kama huu ubao iko sawa.”

Nikapitisha kidole. Nikamwambia, “Haiko sawa. Hapa mwisho inakwama.” Akaupiga randa tena, polepole, mpaka kidole kikapita. Ndipo nikamwambia kichekesho kimoja, na tukacheka wote wawili, dada akitusikia kutoka jikoni.

Basi, mwanangu, mtu akija na ahadi kubwa, usimwamini kwa sababu inapendeza. Uliza uzito wake, na uliza uzito wa nini. Lakini ukijua kitu ambacho yeye hakijui, mpelekee mapema, nyumbani kwake, watu wakiwa wachache, wakati bado anaweza kubadili bila aibu. Ukingoja uwanja ujae, ukweli wako unageuka fimbo ya kumpandisha juu. Na ukiona mtu anakutafuta kwa macho ili umsaidie kusema hapana, acha utani wako wote, useme hapana pamoja naye.

Mungu akuachie kicheko chako, maana shule hii bila kicheko ni ndefu. Akupe shingo inayokumbuka ilichobeba, na akufikishe kwa mwenye safari kabla hajapanda.