Mistari Elfu Arobaini na Ng'ombe wa Mzee Mwakio

Nakumbuka siku niliyomfanya mzee wa watu akose lori la Kishushe kwa sababu ya jedwali. Mwanangu, nimehama miji mingi tangu hapo na mengi nimeyasahau, lakini hilo sijalisahau.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, hapo Voi, katika ofisi ya chama cha wafugaji. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kitabu cha Perl, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nilichoachiwa na mtu aliyehamia Mombasa. Kwa kitabu hicho niliandika programu ya kuonyesha rekodi zote za chanjo kwenye kompyuta: jedwali moja refu, mistari elfu arobaini, unalisogeza hadi uone jina unalolitaka. Nililijaribu kwa mistari mia mbili, likakimbia kama swala. Basi nikafungia madaftari ya zamani stoo na ufunguo nikautia mfukoni. Ujana una kiburi chake.

Asubuhi iliyofuata akaja Mzee Mwakio. Kiangazi kilikuwa kikali, na ranchi jirani ilikubali ng'ombe wake wanywe maji kwenye bwawa lake, mradi alete karatasi ya kuonyesha wamechanjwa. Lori la kurudi Kishushe lilikuwa linaondoka saa sita. Lingine, baada ya siku tatu.

Nikafungua programu. Dirisha lake kwenye kioo cha kompyuta likawa jeupe, likabaki jeupe. Nilikuwa nimeiagiza kompyuta itengeneze kisanduku kwa kila neno la kila mstari, hata ile ambayo hakuna jicho lingeiona, kabla ya kuonyesha chochote.

"Kijana, hii televisheni yako inafikiria ama imelala?" akauliza mzee.

"Inasoma, mzee."

"Inasoma na haigeuzi ukurasa?"

Nikazima, nikawasha, nikaanza upya. Bi Zaituni, karani wetu wa miaka mingi, akanyoosha mkono. "Lete ufunguo." Nikamwambia asubiri kidogo. Akauomba tena. Mara ya tatu alikuja akasimama mbele yangu, kiganja wazi, na saa sita ilikuwa imekaribia mno nilipoutoa.

Akafungua daftari, akaweka juu yake kipande cha boksi alichokitoboa tundu refu jembamba, la kuonyesha mistari mitatu tu. Akakiteremsha polepole. Dakika tano, jina likapatikana. Akanakili, akapiga muhuri, mzee akatoka mbio. Lori lilikuwa limeshaondoka.

Bi Zaituni hakupandisha sauti. "Mwanangu, yule mzee ataka mstari mmoja, nawe wamwekea nchi nzima mezani. Jicho laona kiasi gani kwa mara moja? Lipe hicho. Mengine yakae yalipo, yaitwe yakihitajika."

Wiki hiyo nikaandika programu upya. Jedwali likajua mistari ni mingapi kwa jumla, lakini likachora ile ishirini na mitano inayoonekana tu; ukisogeza, linakwenda kuchukua inayofuata na kuiweka katika visanduku vile vile. Likawa linafunguka papo hapo.

Mzee Mwakio alirudi mwezi uliofuata kuchukua karatasi nyingine, akalitazama jedwali. "Sasa imeamka," akasema. Kisha, kwa sauti ile ile: "Ng'ombe wawili walianguka kwa kiu kabla sijafika. Mmoja alikuwa na mimba." Nikasema pole. Akaitikia, "Asante," akachukua karatasi yake.

Mwanangu, mtaka yote hukosa yote, na gogo huisha kwa bandu bandu. Aliyekutangulia kazini msikilize mara ya kwanza, usingoje ya tatu. Kazi mpya ijaribu kwa mzigo wake kamili kabla mtu hajaitegemea, na ile ya zamani usiifungie mpaka mpya isimame. Mtu akija kwako na haja moja, mtimizie hiyo. Ukubwa wa ujuzi wako haumsaidii mwenye kiu.

Mungu akupe mkono mwepesi na moyo wa kusikia, na kila anayekutegemea umfae kabla hajachelewa.