Tabia Njema ya Miezi Sita

Jentrix Nabwile alikuwa na namna yake ya kuosha mgongo wa mzee. Anaanza begani, anashuka taratibu, na mkono ukishuka yeye hayuko tena Kitale. Yuko Ujerumani. Amesimama kwenye chumba chenye dirisha kubwa, nje kunaanguka kitu cheupe kisicho na sauti, na mgongo ulio mbele yake ni wa bibi mmoja wa Kizungu ambaye hajui bado jina lake. Maji ya huko hayapoi. Hakuna anayemwita kutoka chumba kingine.

"Nabwile, unaosha mgongo ama unaupiga pasi?" akauliza Mzee Ndirangu, maana kitambaa kilikuwa kimesimama mahali pamoja dakika nzima.

"Pole, mzee."

"Kwani bado hujaenda?"

"Mwezi wa kumi."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao ya kila asubuhi katika nyumba ya wazee alikofanya kazi miaka kumi na moja. Na hakuwa anajidanganya. Nyumba nyingine ya wazee, huko Ujerumani, kwenye mji wenye jina refu kuliko barabara zake, ilikuwa imemkubali. Ubalozi ulikuwa umempa siku ya kupeleka karatasi: tarehe kumi na nne Oktoba, saa tatu. Asipofika na kila kitu, nafasi inapewa mwingine. Barua ilisema hivyo bila kubembeleza.

Karatasi zote zilikaa chini ya godoro, kwenye bahasha ya kaki. Aliyoipenda kuliko zote ni cheti cha tabia njema, kile polisi wanatoa kuonyesha kwamba mtu hana kesi. Watu walikiita tabia njema basi, kama kitu cha kununuliwa sokoni. Umeshapata tabia njema? Tabia njema yangu iko Nairobi. Ya Jentrix ilikuwa imeenda Nairobi ikarudi, imegongwa muhuri wa serikali ili nchi za watu ziiamini. Jioni aliitoa akaangalia ule muhuri. Ukiuangalia sana ulianza kuzunguka, polepole, kama uji unaokorogwa, na katikati ya mzunguko kulikuwa na lile dirisha.

Mwanzo wa Septemba alipeleka bahasha kwa rafiki yake Rahab, mwenye saiba, duka la kompyuta na kopi, mjini, amtolee kopi. Rahab si mtu wa kutoa kopi bila kusoma. Alisoma barua ya Wajerumani, akasoma cheti, akarudi kwa barua.

"Nabwile, tabia yako njema imeisha."

"Kwani nimekukosea nini?"

"Mimi hujanikosea. Nasema hii. Imeisha mwezi wa nane."

Jentrix akacheka. "Wamesema miezi sita. Muhuri ni wa tarehe tano Mei. Hesabu vidole, inanifikisha Novemba."

"Umehesabu kutoka kwa muhuri?"

"Si muhuri ndio unaipa nguvu?"

Rahab akavua miwani. "Mtoto akibatizwa ana miaka mitatu, utasema amezaliwa siku ya ubatizo? Cheti kilizaliwa tarehe kumi Februari. Muhuri ni ubatizo tu. Muhuri wenyewe hauna mwisho, ukae hata miaka ishirini, unasema tu kwamba sahihi ya polisi ni ya kweli. Lakini hawa watu wanataka cheti kisizidi miezi sita tangu kitolewe. Si tangu kigongwe."

"Na cheti cha kuzaliwa?"

"Hicho hawajakiwekea siku. Kuzaliwa hakubadiliki. Tabia ndiyo inabadilika."

"Lakini tangu Februari sijapiga mtu, Rahab."

"Wao watajuaje?"

Jentrix aliketi kwenye benchi ya wateja. Kati ya Februari na Mei cheti kilikuwa wapi? Kilikuwa Kabuchai, kwa mama yake, Peris, kwenye sanduku la nguo za Jumapili. Alikipeleka akione. Mama akakishikilia, ati mpaka akina mama wa kanisa nao wakione, na akina mama wa kanisa hawakuja wote siku moja. Miezi mitatu tabia njema ilikuwa inazeeka kwenye harufu ya naftalini, nao wakiipitisha mkono kwa mkono.

Rahab alimjazia fomu mpya papo hapo. Kesho yake Jentrix akaenda kuchukuliwa alama za vidole, na huko mashine ikamkataa. Aliweka kidole kwenye kioo, hakuna kitu. Akaweka kingine. Karani, mama mpole, akaushika mkono wake akaugeuza kwenye mwanga.

"Mama, kwani unafanya kazi gani?"

"Naosha wazee. Na Jumamosi nampukuchulia Mayi, mama yangu, mahindi."

"Kwa mkono?"

"Magunia matatu, wiki iliyopita."

Mistari yote ilikuwa imelika. Karani akamwambia apumzishe mikono wiki moja, asishike sabuni, asishike mahindi, ajipake mafuta asubuhi na jioni, halafu arudi. Wiki moja, na Oktoba inakuja inakimbia.

Akaomba likizo, akaenda Kabuchai akakaa. Na hicho ndicho kitu Jentrix hakuwa amewahi kufanya mbele ya mama yake tangu azaliwe: kukaa. Mama na jirani yao Everlyne walipukuchua mahindi uani, naye alikuwa kwenye stuli, viganja vimeelekea juu, vinang'aa jeli ya kukamulia ng'ombe.

"Angalia bibi harusi," Everlyne akasema. "Tumletee na soda?"

"Mwache," mama akasema. "Anaotesha vidole."

Jua lilikuwa laini. Makapi meupe ya mahindi yaliruka kila walipopukuchua, yakapanda, yakashuka bila haraka, yakatua kwenye nywele za mama, kwenye magoti, kwenye viganja vyenye mafuta. Jentrix hakuyapangusa. Aliona uani pamekuwa peupe, na miwa ya jirani imesimama katika ule weupe, na mama yake anatembea ndani yake na beseni la maji ya moto yanayotoa mvuke. Sauti za wale wawili zilikuwa mbali, kama redio kwenye nyumba nyingine. Kwenye ngozi alisikia kitu kinanyemelea, mistari inarudi mmoja mmoja, kama matuta kwenye shamba lililolimwa jana.

Siku ya nane kioo kilimkubali. Cheti kipya kilitoka kabla ya mwezi kwisha, na safari hii hakikupita Kabuchai. Alikipeleka Nairobi mwenyewe. Tarehe kumi na nne, kwenye dirisha la ubalozi, mtu alikishika, akaangalia tarehe kwanza, muhuri baadaye, akakiweka pamoja na vingine. Viza ikatoka Novemba.

"Sasa mgongo wangu ataupiga pasi nani?" Mzee Ndirangu akauliza, akageuka ukutani, wala hakutaka jibu.

Alipoenda kuaga Kabuchai, mama yake aliona cheti cha zamani kwenye bahasha.

"Hii unatupa?"

"Haina kazi, Mayi. Imeisha."

Mama akaichukua kwenye mwanga wa mlango. Hajui Kiingereza, lakini alipitisha kidole kwenye kila mstari mpaka chini.

"Hii kalatasi si imesema wewe huna makosa?"

"Imesema."

"Basi imeisha kwa Wajelumani."

Akaikunja mara moja, akaiweka kwenye sanduku katikati ya nguo za Jumapili, akafunga, halafu akakalia kifuniko, kwa sababu kufuli lilivunjika zamani.